Jinsi ya kuunga DeLorean ya plastiki ukiwa Dar, kwa makorokoro ya Kariakoo

Kabla hujafungua boksi nikuambie kitu kimoja, maana ndo kilinipotezea modeli yangu ya kwanza: hii gari usiiunge kama gari ya shorumu. DeLorean ya Back to the Future kwenye filamu ni mashine ya kusafiri kwenye wakati aliyoiunga mzee mmoja kichwa maji gereji kwake, ina manyaya nje, mabomba, mabati yamebandikwa. Na hata wale walioitengeneza kweli kwa ajili ya kamera waliingia kwenye maduka ya makorokoro huko Los Angeles wakaokota vipande vya ndege na vifaa vya umeme vya zamani wakaanza kuvipachika. Pale nyuma kwenye kitako cha mtambo wa nyuklia kuna kifuniko cha rimu ya Dodge Polara, na lile dubwasha la Mr. Fusion, linalogeuza takataka kuwa nishati, ni mashine ya kusagia kahawa ya Krups. Yaani Kariakoo tupu. Sasa mtu anakuja kuniambia hawezi kuunga modeli kwa sababu Dar hakuna duka la hobi, aisee, wenzio wameunga gari lenyewe kwa takataka!

Seti (boksi la vipande vya plastiki unavyounga mwenyewe) zipo za makampuni kadhaa, Aoshima wa Japani wanatoa ya 1/24, AMT na Polar Lights wanayo ya 1/25, Revell nao wanayo. 1/24 maana yake gari halisi lina urefu wa mita 4.2 hivi, ukigawa kwa 24 unapata sentimita 17 na kitu, inakaa fresh juu ya shelfu ya tivii. Utaagiza nje, hapo huna ujanja, ila kabla hujalipa angalia boksi ni gari la filamu ya ngapi, maana ziko tatu na gari linabadilika. Ya kwanza, ya 1985, ina mtambo wa nyuklia nyuma na kibao cha namba OUTATIME. Ya pili ina Mr. Fusion na matairi yanalala ili ipae. Ya tatu ina mzigo wa vifaa umefungwa juu ya boneti na matairi ya ubavu mweupe. Usichanganye, kuna mjuaji mmoja lazima aje home akaone akakuumbua mbele za watu.

Vifaa havina makuu. Kikatia kucha kizuri kabisa kile cha bapa, wembe au kisu cha kukatia karatasi, msasa namba 400, 1000 na 2000 (ule wa kulowesha maji, wanauza mahali wanapouza rangi za magari), tepu ya karatasi ya mafundi rangi, toothpiki, brashi ndogo mbili. Gundi hapa uwe makini. Gundi ya modeli yenyewe inayeyusha plastiki kidogo halafu vipande vinashikana kama kimoja, ukiweza agiza pamoja na seti. Superglu ya dukani inafaa sehemu ndogo ndogo na kuziba mianya, unatia tone, unanyunyizia bekingi soda, papo hapo inakuwa jiwe, unapiga msasa. Lakini superglu na vioo ni maadui. Ule moshi wake unapanda unakaa kwenye plastiki ya kioo inakuwa nyeupe kama bafu lina mvuke, na haitoki. Modeli yangu ya kwanza kioo cha mbele kilikuwa kama cha daladala la asubuhi ya masika. Vioo bandika na gundi nyeupe ya shule, ikikauka haionekani.

Hatua ya kwanza ni kuosha. Usicheke. Vipande vinatoka kiwandani na mafuta ya kwenye moldi, usipoosha na sabuni ya vyombo rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Na vile vipande vilivyopigwa kromu vya kung'aa kupita kiasi, loweka kwenye Jik, kromu inatoka yenyewe unabaki na plastiki safi unapaka rangi unayotaka. Jik usiichanganye na kitu kingine chochote na fanya sehemu yenye hewa.

Halafu kabla ya gundi yoyote, unga gari zima kwa soltepu tu, bodi, chesisi, milango. Hasa milango. Ile inafunguka kwenda juu kama mabawa (wangeweza kupaki Kariakoo bila kumgonga muuza maji), na kwenye modeli ndo kona ya mateso, ukikosea bawaba milimita moja haifungi tena. Jaribu mlango mara kumi kabla hujaweka gundi. Nasema kumi.

Sasa ndani. Watu wanapaka nyeusi wanafunga, halafu wanashangaa mbona haina uhai. Ndani ndo sinema yenyewe. Kwenye dashibodi kuna ile saa ya safari ina mistari mitatu, wa juu mwekundu, wa kati kijani, wa chini njano: unakokwenda, ulipo sasa, ulikotoka mwisho. Huo mpangilio usiugeuze. Nyuma katikati ya viti kuna kile kiboksi chenye mirija mitatu ya umbo la Y, ndo fluksi kapasita, ndo inayowezesha safari ya kwenye wakati, ndo kila kitu. Mimi hiyo niliitengeneza upya, nilikata kipande cha plastiki ya kioo kutoka kwenye kifungashio cha betri, nikabandika Y ya tepu nyembamba, nikapaka nyeusi yote, nikatoa tepu, ikabaki Y inapitisha mwanga. Nyuma yake nikaweka kitaa kimoja cheupe cha LED.

Habari ya umeme iko hivi. Betri ya saa CR2032 ni volti 3, na LED nyeupe au ya bluu inahitaji kama volti 3, kwa hiyo unaunga moja kwa moja inawaka bila rezista (kile kidude cha kupunguza umeme). Nyekundu, kijani ya kawaida na njano zinahitaji kama volti 2 tu, ukiziunga pamoja na nyeupe kwenye betri moja, ile nyekundu inakula umeme wote, nyeupe inazima. Nilikaa usiku mzima naitukana betri kumbe shida ni hiyo. Njia rahisi tumia nyeupe kila mahali, kwenye ile saa paka kioo kwa maka peni, nyekundu, kijani, njano. LED ndogo za kutosha zimo kwenye mabodi mabovu ya simu na tochi, pita kwa mafundi simu Mtaa wa Aggrey uombe kwa adabu, wengine wanakupa bure wengine buku.

Tuje bodi, hapa ndo patamu. DeLorean haikupakwa rangi kiwandani, bodi ni chuma kisichoshika kutu, kimesuguliwa kina mistari midogo midogo. Ukichukua spray ya silva ya dukani ukamwaga utapata ndoo ya bati, chenga za ile silva ni kubwa mno kwa gari la sentimita 17. Nilichofanya ni hivi: praima (rangi ya chini ya kushikia) ya kijivu nyembamba, msasa namba 2000 na maji, halafu rangi ya kijivu isiyong'aa, ikikauka siku mbili nasaga risasi ya penseli ya 6B mpaka iwe unga, nachukua kitambaa laini cha miwani nasugua huo unga juu ya bodi, mwelekeo mmoja tu, usizungushe mkono kama unapiga deki. Taratibu inaanza kung'aa kichuma, na ile mistari ya kusugua inajitokeza yenyewe. Mara ya kwanza nilipoona niliita watu wa nyumba nzima.

Ila ina masharti. Usipulize vanishi juu, ule mng'ao utakufa. Usishike kwa vidole, vaa glavu za hospitali au shika kwa chini. Na bampa za mbele na nyuma usizisugue, maana kwenye gari halisi bampa ni plastiki iliyopakwa rangi ya kijivu, si chuma, kwa hiyo zinatakiwa ziwe zimefifia kidogo tofauti na boneti. Hiyo tofauti ndogo ndo inafanya mtu aseme mbona hii kama ya kweli.

Kupuliza praima nilijifunza mtaa wa Gerezani, hapa Dar. Nilienda kwa fundi mmoja wa rangi, mtu mzima, nikamwamkia shikamoo fundi, akasema marahaba mwanangu, gari liko wapi. Nikafungua begi nikatoa kibodi cha plastiki. Akakigeuza geuza, akaita wenzie wote wa gereji waje waone. "Hii ndo unataka kunyoosha bodi?" Walicheka mpaka basi, lakini akanionyesha: anza kupuliza nje ya bodi, pita, malizia nje ya bodi, usianzie juu yake maana ndo pale tone linadondoka. Umbali sentimita 20 mpaka 25. Mikono (yaani tabaka za rangi) mitatu minne myembamba, usitake ifunike mkono wa kwanza. Na thina ya magari ni kali, inakula plastiki, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye ile fremu iliyoshikilia vipande, ikichubuka achana nayo. Vaa barakoa, toka nje, watoto wakae mbali.

Na hali ya hewa, wallahi. Machi mpaka Mei usipulize rangi. Unyevu wa masika Dar ukiingia kwenye rangi mbichi inavaa ukungu mweupe, unafikiri umekosea rangi kumbe ni hewa. Nilishapoteza bodi nzima Aprili kwa ubishi. Juni mpaka Septemba ndo muda wake, saa nne asubuhi jua limeshapanda, kabla ya upepo wa mchana kuleta vumbi la mtaani, na ukimaliza funika na beseni. Bi mkubwa beseni lake alilitafuta wiki nzima, nikakaa kimya.

Nje sasa, manyaya. Kosa la kila mtu ni waya nene. Piga hesabu kidogo: kebo ya sentimita mbili na nusu kwenye gari halisi, kwenye modeli ya 1/24 ni milimita moja. Moja tu. Zile kebo nyeusi zinazotembea ubavuni tumia waya laini wa risasi wa kulehemu redio, unapinda unavyotaka na haurudi, unapaka nyeusi isiyong'aa. Waya wa ndani wa iafoni mbovu ni mwembamba na una rangi tayari, nyekundu, kijani, shaba, huo ni wa kule nyuma kwenye mtambo ambako kila kitu kimejazana. Fungua picha ya gari kwenye simu, kuza, fuata waya mmoja unatoka wapi unaingia wapi, halafu mwingine. Usirushe rushe manyaya tu ukadhani ni fujo, ile fujo ina mpangilio, kila waya una sehemu unakwenda. Kwa mimi hii ilichukua jioni tano na ndo jioni nilizofurahia kuliko zote.

Zile matundu mawili makubwa ya nyuma ya kutolea moto, ndani paka nyeusi, kingo pitisha brashi kavu yenye silva kidogo sana, yaani ufute kwenye karatasi mpaka uone kama hakuna rangi, ndo upitishe. Kwenye mifereji ya milango na boneti weka rangi nyeusi ya maji iliyochujuka na tone la sabuni, iache itembee yenyewe kwenye mfereji, ziada futa na kijiti cha pamba, lakini pole pole usije ukaondoa na ule unga wa penseli. Masizi kidogo nyuma, vumbi kidogo kwenye matairi. Basi. Usiipake tope kama imetoka Ifakara, kwenye filamu ilipaki kwenye lami ya maegesho ya mall.

Stika za maji loweka sekunde 20 hivi, zisukume kutoka kwenye karatasi kwa brashi, usivute. Sehemu ya kona pakaza siki kidogo iliyoongezwa maji, stika inalainika inakaa. Kibao cha OUTATIME weka mwisho kabisa maana kila mtu anakishika.

Modeli isikae dirishani, jua la Dar linapinda plastiki. Yangu iko ndani ya boksi la kioo la keki, shilingi elfu chache, vumbi haliingii. Swichi nimeificha chini ya chesisi. Juzi umeme umekatika saa mbili usiku, sebule giza, nikaiwasha, ile Y ikawaka nyeupe nyuma ya viti, dogo wa jirani akaona kupitia dirishani akapiga kelele "anko, gari lako linataka kuondoka!" Nikamwambia bado, haijafika maili 88 kwa saa, ule mwendo wa kuruka kwenye wakati kwenye filamu, ni kilomita 142 hivi, na kwa foleni ya Barabara ya Mandela haitafika leo. Betri itoe ukimaliza, nilisahau, asubuhi imekufa.