Kumtahini mwanafunzi mmojammoja ndani ya bendi

Mwenzangu anayefundisha muziki chuoni hapa Kisumu aliipa bendi nzima alama moja. Mpiga besi aliyekuwa haonekani mazoezini akalingana na binti aliyepanga wimbo wote. Kufika Jumatatu, ofisi imejaa malalamiko. Utaratibu tuliouketia naye baadaye ni huu.

1. Wagawie wanafunzi vigezo vya alama wiki ya kwanza. Ukurasa mmoja, basi.

2. Pima mtindo kwa kanuni zake. Vigezo vya kuazima kwenye piano ya kizungu humkata mpiga benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, alama kwa "kurudiarudia". Gitaa la benga limefuata nyatiti, ala ya nyuzi nane. Kurudia kipande kilekile bila kuyumba huku besi ikizunguka ndiyo kazi yenyewe. Sikiliza gitaa la solo linavyomjibu mwimbaji, na kama kilele cha wimbo kinawainua watu au kinaongeza kelele tu. Aliyeleta omutibo, mtindo wa gitaa wa George Mukabi wa magharibi mwa Kenya, msikilize kidole gumba kwanza: ndicho kinachobeba besi.

3. Tenga alama ya kundi na ya mtu. Kazi hii ndiyo inayomaliza usiku wa mtahini. Mimi hutoa 40 kwa kundi, 40 kwa mtu, 20 kwa mazoezi.

Rekodi kila ala kwenye njia yake (sauti yake peke yake) kutoka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti. Simu iliyosimamishwa mbele ya jukwaa haifai. Hunasa drams na kumeza gitaa la ridhimu. Lakini usimhukumu mtu kwa njia yake peke yake. Besi inayoacha nafasi makusudi husikika nyonge ikitengwa, kumbe ndani ya wimbo ndiyo inayowashikilia wote. Sikiliza pamoja, tenga, kisha rudisha pamoja kabla hujaandika chochote.

Zile 20 za mazoezi: usiwaambie wapeane alama. Marafiki watapeana 20, na aliyejiunga juzi ataambulia 5. Waulize kwa siri mambo yanayojibika: nani alileta mpangilio wa mwanzo? Nani hufika akiijua sehemu yake? Majibu yakigongana, waite waanzie katikati ya wimbo, pale utakapotaja wewe. Asiyefanya mazoezi hujulikana papo hapo. Na kundi likikodi mpiga drams kutoka klabu ya mtaa wa Kondele, yeye hana alama, wala ufundi wake usiwapandishe wenzake.

4. Watahini wawili. Kila mmoja aandike alama kabla hawajasemezana. (Mwenye cheo kikubwa azungumze wa mwisho.)

5. Kupima sauti za vyombo kabla ya kuanza si mtihani. Stima ikipotea katikati, wimbo uanze upya. Usimkadirie mtu kwa nusu uliyosikia.

6. Rudisha rekodi pamoja na maoni, ukitaja dakika na sekunde: "2:14, besi imewahi kuingia." Hiyo "jitahidi zaidi" waachie walimu wa shule ya msingi.