Mambo ya kuzingatia kabla ya kukwea miamba iliyoinama ya Dodoma

Mshiko mkubwa wa kwanza nilioushika kwenye ukuta ulioinama kuelekea nje, juu ya kichwa cha mkweaji, nje kidogo ya Dodoma mjini, ulibaki mkononi mwangu. Lilikuwa bapa la jiwe pana kama sinia, kwa macho limekaa vizuri, vidole vinaingia mpaka kiganjani. Nilikuwa mita moja na nusu tu kutoka chini, nikaambulia kovu la goti na kicheko cha watoto waliokuwa wakichunga mbuzi. Tangu siku hiyo, mshiko mkubwa wa mawe ya huku nauhesabu mbovu mpaka unihakikishie kwamba ni mzima.

Sababu iko kwenye jiwe lenyewe. Miamba ya Dodoma ni itale, yaani graniti, ya zamani mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5, na huachia matabaka kama kitunguu. Wanaosifu kuta zilizoinama zenye mishiko ya kushika kama ukingo wa dirisha mara nyingi wanasimulia mawe mengine kabisa: chokaa ya Kalymnos kule Ugiriki, au mawe ya mchanga ya Red River Gorge huko Kentucky, Marekani. Itale kwa kawaida hutoa miteremko laini ya kukanyagia na nyufa za kupenyeza mkono. Kwa hiyo usipite ukitazama ukubwa wa jabali. Tazama sehemu nne: kitako cha jabali, ambako unyevu wa udongo umekula kwa chini, nyufa za kulala, mishipa ya mawe meupe magumu iliyobaki imechomoza baada ya jiwe la pembeni kulika, na mahali tabaka lilipokatikia likaacha ukingo. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye mishiko minono, na ndiyo inayodanganya.

Gonga kila mshiko kwa ngumi au nyundo ndogo kabla ya kuuamini. Jiwe zima hujibu kwa mlio mkavu, mfupi. Lililoachana hulia kama debe tupu, na ukiweka kiganja cha pili pembeni unalisikia likitetemeka. Ufanye hivyo mwenzako akiwa pembeni, asisimame chini yako. Na ukumbuke kwamba kwenye ukuta wa wima unalivuta jiwe kwenda chini, lakini kwenye ulioinama unalivuta kuelekea nje, upande ambao hakuna kinacholizuia. Bapa lililokubeba asubuhi ukiwa wima linaweza kukutupa mchana ukining'inia.

Picha za setilaiti hupigwa kutoka juu, kwa hiyo ukuta ulioinama hauonekani; zinasaidia kwa njia za gari tu. Chukua darubini, simama mbali kidogo saa kumi na moja jioni, kivuli kikianza kulala. Panapoinama patabaki peusi huku pengine panang'aa. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, jua liko kaskazini yetu, hivyo kuta zinazotazama kusini ndizo zenye kivuli. Desemba mambo hugeuka, lakini Desemba mvua ipo na mchirizi mweusi ukutani utakuambia maji yanapopita. Oktoba na Novemba joto ni kali na mikono inateleza, mimi siendi.

Kabla ya kufungua begi, nenda ofisi ya kijiji. Barua ni nzuri, lakini kinachofungua njia ni mzee wa pale. "Mbukwenyi," nilimsalimu mmoja wao siku moja kwa Kigogo, kisha nikaongeza shikamoo. Akajibu, akaniuliza ninatafuta nini juu ya mawe. Nikaeleza. "Lile kubwa la kushoto ni la matambiko, mwanangu. La kulia nenda, ila chunga." Nilikuwa nimeupenda ule wa kushoto. Nikaenda kulia.

Kolo, wilayani Kondoa, ni jambo la kutiliwa mkazo. Michoro ya miamba ya Kondoa imeandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, na imedumu kwa sababu ileile inayokuvutia wewe: ukuta ulioinama, mvua haiufikii. Jasho, chaki ya kukausha mikono na mpira wa viatu hufuta kilichodumu karne nyingi. Ukiona mchoro wowote, hata usio na kibao, geuka, umwarifu mwenyekiti wa kijiji.

Kuhusu kamba sitasema mengi. Kamba ya kufungia mizigo kwenye lori haivutiki, na ukianguka mgongo ndio unaolipa. Tafuta inayovutika, iliyotengenezwa kwa kukwea, ya mita 60, na kofia ngumu kwa wote wawili. Kwenye ukuta ulioinama, aliyeanguka hubaki hewani bila kuugusa mwamba, kwa hiyo jifunzeni chini ya mti kujipandisha kwenye kamba kwa vitanzi. Aliyening'inia kwenye mkanda wa kukwea bila kusogea hudhoofika haraka kuliko unavyodhani.

Wanyama: pimbi huacha michirizi myeupe na harufu, si hatari sana, ila palipo na pimbi nyoka nao hupita. Usipeleke mkono usipoona. Nyuki ndio ninaowaogopa. Wanapenda ufa mkavu ulio chini ya mwinamo, yaani uleule wako. Kaa umbali wa mita 30 asubuhi jua likichomoza, utazame dakika ishirini: wakiwepo utawaona wakitoka kama moshi mwembamba.

Ukuta mzuri kuliko yote niliyouona uko ng'ambo ya korongo fulani, umeinama, una mshipa mweupe kama ngazi kutoka chini hadi juu. Nimeutazama kwa darubini kwa misimu miwili. Moshi ule mwembamba bado upo, na mwenye mizinga iliyo chini yake ameniambia nisihangaike, hawatahama.