Indiketa na mkono: kukata kona salama Dodoma

Kwa kilomita 50 kwa saa, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa hiyo washa indiketa angalau mita 40 kabla ya kona, na kabla ya kugusa breki. Tazama saitimira, washa, geuza shingo, ndipo ukate. Kuwasha indiketa wakati usukani umeshazunguka hakumsaidii aliye nyuma.

Kwenye bodaboda nyingi indiketa haizimiki yenyewe. Ikisahaulika, anayesubiri kuingia barabarani ataamini unakata, naye atatokeza mbele yako. Izime kila ukimaliza kona. Ikipepesa haraka kuliko kawaida, mara nyingi balbu moja imeungua.

Mwendesha baiskeli anayekata kulia aangalie nyuma, anyooshe mkono wa kulia usawa wa bega, kisha arudishe mikono yote kwenye usukani kabla ya kukata. Gunia pana likiuficha mkono, ashuke avuke kwa miguu.

Barabara za Singida na Morogoro zina hatari yake: lori huwasha kushoto kumaanisha “pita”, lakini huenda linaegesha tu. Usipite mpaka uione barabara mwenyewe. Likiwasha kulia, baki nyuma. Huenda linakata kweli.