Jinsi ya kuthaminisha almasi yako mpya na kuikatia bima ukiwa Tabora

Miaka michache iliyopita dada yangu alipoteza almasi ya pete yake ya ndoa akikanda unga wa chapati. Pete ilibaki kidoleni, jiwe halipo. Tuliupekua ule unga donge kwa donge kwenye sinia, tukachuja maji ya beseni kwa kanga, hatukuambulia kitu. Bima alikuwa nayo. Tulipopeleka madai, afisa alifungua faili na ndani mlikuwa na risiti moja tu: "Pete ya kike 1." Hapakuwa na neno almasi, wala uzito, wala picha. Hakulipwa hata shilingi, kwa hoja kwamba hakuna mahali palipoonyesha kuwa pete ile iliwahi kuwa na jiwe.

Iliniuma sana, na bado inaniuma. Lakini nilijifunza kwamba kampuni ya bima hulipa kilichoandikwa. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye bima yenyewe.

Kwanza, kama ulichonunua ni jiwe ghafi ulilouziwa mkononi, simama hapo. Sisi wa Tabora tuko jirani na Shinyanga, na Mwadui almasi zinajulikana tangu 1940, kwa hiyo hakosekani mtu wa kukunong'oneza kwamba ana jiwe mfukoni. Sheria ya Madini inataka anayenunua na kuuza almasi ghafi awe na leseni, na biashara hiyo ifanyike kwenye mfumo unaosimamiwa na Tume ya Madini. Jiwe lisilo na nyaraka hizo halina bima ya kuliokoa, na wewe mwenyewe unaweza kuishia mahakamani. Ninayoeleza hapa ni ya almasi iliyokwisha kukatwa, iliyonunuliwa dukani.

Risiti

Dai risiti ya EFD, kisha mwombe muuzaji akuandikie maelezo kamili kwenye karatasi ya duka yenye mhuri: aina ya madini ya pete, umbo la jiwe, uzito wake na bei. Hapa kuna mtego wa lugha. Neno "karati" tunalitumia kwa mambo mawili. Dhahabu ya karati 18 maana yake asilimia 75 ni dhahabu safi. Almasi ya karati 1 maana yake ina uzito wa gramu 0.2. Nimeona risiti imeandikwa "pete ya almasi karati 18", na ukiisoma vile unaweza kudhani jiwe ni kubwa kama embe bolibo. Hakikisha kila karati imeandikwa ni ya nini.

Cheti cha jiwe

Almasi nzuri mara nyingi huja na ripoti ya maabara, na inayojulikana zaidi duniani ni ya GIA ya Marekani. Ripoti hiyo inataja uzito, rangi (kuanzia herufi D, jiwe lisilo na rangi kabisa, hadi Z), usafi wa ndani na ubora wa ukataji. Haitaji bei, kwa hiyo haichukui nafasi ya uthamini. Namba ya ripoti unaweza kuihakiki kwenye tovuti yao bila malipo.

Mawe mengi yenye ripoti huandikwa namba hiyo kwa leza kwenye ukingo wa jiwe. Omba lupu, kile kioo cha sonara cha kukuza mara 10, uinamishe pete chini ya taa uizungushe taratibu. Mara ya kwanza huoni kitu. Halafu mwanga unagonga ukingo kwa pembe fulani, na zinajitokeza tarakimu za kijivu, nyembamba kuliko unywele. Zilinganishe na cheti moja baada ya nyingine, usiishie kwenye mbili za mwanzo.

Tafadhali usitegemee vipimo vya mtaani. Kukwaruza kioo hakuthibitishi chochote, maana mawe mengi hukwaruza kioo. Hata kile kikalamu kinachopima joto hudanganywa na jiwe linaloitwa moisanaiti. Na siku hizi kuna almasi za maabara, ambazo kikemia ni almasi kweli ila bei yake iko chini sana. Kuzitofautisha na zilizochimbwa kunahitaji mitambo ya maabara.

Uthamini

Sonara wa hapa mjini anaweza kukupimia pete na kukagua vikucha vinavyoshika jiwe, na kazi hiyo wanaiweza. Ila hati ya uthamini itakayokubaliwa na bima itoke kwa mtaalamu wa vito. Kabla hujafunga safari, iulize kampuni ya bima inakubali hati ya nani. Swali hilo litakuokolea nauli. Kwa utambuzi wa jiwe lisilo na cheti, kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania, Arusha. Ukienda kwa basi, pete ivae au iwe mfuko wa ndani wa nguo, isiende kwenye begi la buti.

Mthamini asiwe aliyekuuzia, wala anayetaka kuinunua. Akikutoza asilimia ya thamani, mkatae: anayelipwa zaidi kwa kuandika namba kubwa ataandika namba kubwa. Hati iwe na vipimo vya jiwe kwa milimita, namba ya cheti, uzito wa pete nzima, picha, tarehe, sahihi na mhuri. Na iseme wazi kwamba thamani iliyoandikwa ni gharama ya kununua nyingine kama hiyo leo. Bei utakayopata ukiiuza ni jambo jingine, na kwa kawaida iko chini zaidi.

Maombi ya bima

Tafuta kampuni, dalali au wakala mwenye leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Matawi mengi ya benki nayo huuza bima. Usikate bima ya nje kupitia intaneti. Sheria inataka mali iliyopo nchini ikatiwe bima na kampuni iliyosajiliwa hapa.

Omba bima inayohusu hatari zote, na pete itajwe peke yake kwa jina na thamani. Bima ya kawaida ya nyumba huweka ukomo kwa kitu kimoja, na pengine haikulindi ukishatoka mlangoni. Uliza maswali mawili kabla ya kusaini: jiwe likidondoka lenyewe bila wizi, mnalipa? Na nikienda nalo Kigoma au Dar, bado limo? Majibu uyaone kwenye maandishi.

Fomu ijaze kwa ukweli wote, pamoja na mahali pete inapolala usiku. Uongo mdogo unatosha kuvunja mkataba. Usipunguze thamani ili ulipe ada ndogo. Pete ya milioni 8 ukiikatia bima ya milioni 4, ikapata uharibifu wa milioni 2, utahesabiwa milioni 1 kwa kuwa uliikatia nusu tu ya thamani, kisha wakate kile kiasi cha mwanzo unachobeba mwenyewe.

Ambatisha kitambulisho cha NIDA, risiti, cheti, hati ya uthamini na picha. Ada ina VAT juu yake. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, siyo namba ya simu ya wakala, kwani ulinzi hauanzi mpaka ada ilipwe. Nakala za karatasi zote mwachie ndugu anayeishi nyumba nyingine.

Baadaye

Peleka pete kwa sonara kila baada ya miezi sita akague vikucha, naye aandike tarehe. Kile cha dada yangu kilikuwa kimeinuka kwa muda, kikinasa nyuzi za kitenge, na hakuna aliyejua maana yake. Ukikanda unga, ivue.

Ikipotea au ikiibwa, nenda polisi siku hiyohiyo uchukue RB, ile namba ya taarifa yako, kisha iandikie kampuni. Wakikataa madai kwa sababu usiyoridhika nayo, omba barua yenye sababu hizo, uipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na bima inapokaribia kuhuishwa, angalia dola imefika wapi: almasi huuzwa kwa dola, na hati yako ya mwaka jana imeandikwa kwa shilingi.