Kizimba cha chatu mkubwa: yaangalie haya kabla hajaingia

Kama bado hujamnunua, una bahati. Karibu kila kosa nitakalolitaja hapa ni rahisi kulizuia kabla nyoka hajafika, na ni kazi kweli kulirekebisha akiwa tayari amejikunja kwenye kona yake na hataki kusumbuliwa. Kizimba kwanza, nyoka baadaye. Wengi wetu tulifanya kinyume: tulimwona chatu mdogo anayeenea kiganjani, tukampenda, tukamtia kwenye boksi la plastiki na kusema akikua tutajua la kufanya.

Anakua. Chatu wa Burma hutoka yaini akiwa na nusu mita na kidogo, na akila vizuri anaweza kupita mita tatu ndani ya miaka michache tu. Jike mzima hufika mita nne au tano, na uzito wake ni wa kubebwa na watu wawili. Yule chatu wa Asia Kusini-Mashariki mwenye mchoro kama wavu mgongoni anaweza kupita mita sita. Boa, nyoka mwingine mkubwa anayefugwa, ana huruma kidogo, wengi wao huishia mita mbili hadi tatu. Na hawa wote wanaweza kuishi miaka ishirini na zaidi. Basi chukua futi kamba umpimie nyoka atakayekuwepo, si huyu uliyemshika.

Sheria: uliza kabla, na upate jibu kwa maandishi. Marekani, kwa mfano, iliwaingiza chatu wa Burma kwenye orodha ya wanyama waharibifu mwaka 2012, na tangu hapo kuwaingiza nchini humo bila kibali maalumu ni kosa. Kwingine wanaruhusiwa kwa leseni, kwingine hata leseni haitakiwi. Kama nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba naye ajue. Ruhusa ya mdomo husahaulika siku mtu anapochungulia dirishani.

Ukubwa. Nyoka anapaswa kuweza kujinyoosha, kwa hiyo urefu wa kizimba ukikaribia urefu wake, vizuri zaidi. Kwa nyoka wa mita nne si kila mtu ana chumba hicho, na wafugaji wengi huchukua mita 2.4 kwa 1.2 kuwa kiwango cha chini kabisa cha sakafu. Ndicho kipimo cha ubao mmoja mzima wa plaiwudi, na hapo ndipo unapookoa pesa: chora kizimba chako kifuate ubao ulivyo, ukate mara chache. Kwenda juu, sentimita sitini zinatosha kwa chatu mzito. Akipanda juu zaidi anaweza kuanguka akaumia, nawe utakuwa unapasha moto hewa isiyo na kazi.

Tangi la kioo liache kwa samaki. Ni zito, linapoteza joto, na mfuniko wake uko juu, mahali hasa ambapo nyoka husukuma. Ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi ni rahisi kwa bei, lakini ukingo wake ukinywa maji huvimba na skrubu hazishiki tena. Mierezi usiitumie kabisa, mafuta ya mti huo yanamdhuru. Plaiwudi ya milimita kumi na nane, iliyopakwa vanishi ya maji tabaka tatu au nne na viungo vyote vikazibwa kwa silikoni, itakutumikia miaka mingi. Kisha subiri. Ukiingiza pua ndani ukasikia harufu yoyote, bado. Wiki moja, wiki mbili, subiri tu.

Au chukua fanicha kuukuu uigeuze. Ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo iliyoniadhiri.

Nilikuwa na kabati la nguo, mbao ngumu, zito mpaka tulilisukuma kwa zamu. Nikalilaza ubavu, nikatoa milango ya zamani, nikaweka mlango mpya wenye dirisha la akriliki nene, bawaba tatu, makomeo mawili, na kila komeo kufuli yake. Watu walikuja kuangalia. Nikawa nagonga ule mlango kwa ngumi kuwaonyesha. Nyoka wangu wakati huo alikuwa jike wa mita tatu na ushee, mpole.

Baada ya miezi kadhaa nikaanza kusikia mbao zikilia usiku, kama mtu anayeegemea mlango kwa bega. Nikasema mbao hulia, hali ya hewa imebadilika. Kisha nikaona magamba ya ncha ya pua yake yamechubuka. Nikampaka dawa niliyopewa na daktari wa mifugo, nikaona kazi imeisha. Sikujiuliza pua ile anaisugua wapi.

Asubuhi moja kizimba kitupu. Kufuli zote mbili zinaning'inia vile vile nilivyoziacha. Nilichofanya ni cha kuchekesha: nilizifungua, nikazifunga, nikazifungua tena, kana kwamba mara ya pili ningemkuta. Mdogo wangu ndiye aliyezunguka nyuma na tochi.

"Kaka," akasema, "mlango wake uko huku."

Mgongo wa kabati la nguo ni hadibodi ya milimita tatu iliyopigiliwa misumari midogo kutoka nje. Imewekwa pale kuzuia vumbi. Beseni la maji lilikuwa upande ule ule, maji yakimwagika kila alipoingia kuoga, na ukingo wa chini ulikuwa umevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Misumari minne ilikuwa imeng'oka kwenye kona. Ukiiachia ile hadibodi ilirudi mahali pake, ndiyo maana kwa mbele hukuona kitu. Ukiisukuma kutoka ndani, ilifunguka kama pazia.

Tulimtafuta siku mbili. Tulifunga kila chumba, tukanyunyiza unga kwenye vizingiti ili tuone amepita wapi, na usiku tukalala wote chumba kimoja, mlango umezibwa kwa blanketi. Usiku wa pili unga wa jikoni ulikuwa na mchirizi mpana kama mguu wa meza. Alikuwa nyuma ya friji, amejizungusha penye mota, kwenye joto. Tulichomoa umeme, tukasubiri ajilegeze, tukamtoa watu watatu, mmoja kichwani, mmoja katikati, mmoja mkiani. Chatu havutwi. Ukimvuta ndiyo kwanza anakaza.

Tangu hapo nikiona kizimba cha mtu, mlango siutazami. Nazunguka nyuma. Nyoka hana meno ya kutafuna mbao wala kucha za kukwaruza. Anachojua ni kuweka pua kwenye upenyo, kukaza mwili kwenye ukuta wa pili na kusukuma, usiku kucha, kesho yake tena. Kwa hiyo kila ubao uufunge ukitokea ndani, uegemee fremu, ili anaposukuma awe anaukandamiza kwenye fremu badala ya kuung'oa. Skrubu, si misumari. Misumari hung'olewa na msukumo wa kunyooka. Mlangoni, makomeo mawili yakae karibu na kona. Komeo moja la katikati huacha kona zipinde, na kona ikipinda kwa upana wa kichwa, umempoteza. Kama ni vioo vya kuteleza, weka kufuli ya vioo vya kabati la maonyesho, maana nyoka akikandamiza kioo kwa ubavu huweza kukiburuta pembeni kana kwamba ana mikono.

Na kabla hujamwingiza, ingia wewe. Sitanii. Lala chali ndani, mtu akufungie, usukume kila ukuta kwa miguu. Kinachopinda kwako kitafunguka kwake.

Matundu ya hewa yawe madogo kuliko kichwa chake, na mengi, mengine chini upande wa baridi, mengine juu upande wa joto, hewa izunguke. Wavu wa waya laini usiuweke mahali pua inapofika, atajichubua. Na usisahau tundu la nyaya, wala bomba lolote la hewa la chumba chenyewe. Agosti 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika alitoka kwenye chumba chake cha kioo kwa njia ya bomba la hewa, akaangukia sebule walimolala watoto wawili wa kiume. Wote wawili walikufa. Ukishajua hilo, hutauona tena mfuniko uliolegea kama kazi ya Jumamosi ijayo.

Chumba ni kizimba cha pili. Mlango wake ufungwe kwa ufunguo, upenyo wa chini uzibwe, dari isiwe ya vibao vya kuinuliwa, na mtoto yeyote asilale humo.

Joto: upande mmoja nyuzi 32 hivi, upande wa pili 26, achague mwenyewe. Paneli ya joto ya darini ni bora kuliko balbu. Ukitumia balbu, iwe ndani ya kizimba chake cha waya. Mawe ya umeme ya kumpashia nyoka joto, tupa. Nyoka haruki anapoungua, hulala pale pale mpaka ngozi inaungua vibaya. Themostati, yaani kifaa cha kuwasha na kuzima hita kulingana na joto, ni lazima, na hapa usitafute cha bei ya chini, pesa uliyookoa kwenye mbao ilete huku. Kihisi joto chake kifunge kwa skrubu; nyoka akikisogeza upande wa baridi, hita itaendelea kuwaka ikidhani bado kuna baridi. Weka kipimajoto kingine cha kujitegemea, na kingine cha unyevu. Unyevu ukizidi, hasa pakiwa na baridi, utamsikia akikoroma, na hiyo ni safari ya daktari.

Sakafuni magazeti yanatosha. Si mazuri machoni, lakini uchafu unauona papo hapo. Beseni la maji liwe zito, lisipinduke, na safari hii liwe mbali na viungo vya mbao. Maficho ni boksi lolote linalombana kidogo.

Nyoka akipita mita mbili na nusu, usifungue mlango peke yako siku ya chakula. Nawa mikono kwanza. Mkono wenye harufu ya panya ni panya. Mguse kwa fimbo yenye ndoano kabla hujamshika, azoee kwamba fimbo maana yake si chakula. Mlishe kizimbani na ufunge, halafu uhesabu kufuli. Ukisafiri, anayekuja kumwangalia aoneshwe kwa vitendo, si kwa simu, na asimguse. Umeme ukikatika muda mrefu, uwe na blanketi za kukifunika kizimba bila kuziba matundu yote. Ukihama, pima mlango wa nyumba mpya kabla, kwa sababu kizimba cha mita mbili na nusu kilichojengewa chumbani huenda kisitoke chumbani. Na kila ukibadilisha magazeti pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa ubao wa nyuma. Ukiwa laini, usimrudishe mpaka umebadilisha ubao.