Kulipa madeni kwa kazi ya kushona nyumbani bila kula advansi za wateja

Juzi nimemaliza kumsaidia wifi yangu kupanga madeni yake. Anashona nyumbani kwake Mbagala, cherehani iko sebuleni, kama mimi. Alikuwa na mkopo wa marejesho ya kila wiki, deni la kikoba, deni dukani kwa Mangi na lile la kwenye simu. Kila aliyemshauri alimwambia abane matumizi, na matumizi yake hayakuwa na pa kubanwa tena. Kilichomkaba ni kwamba marejesho yalitoka kwenye pesa za nguo ambazo bado hajazishona. Nawaandikia mafundi cherehani, ila mwoka keki za oda na msusi anayechukua advansi nao watajiona humu.

Hatua ya 1: Andika kila deni

Tumia kaunta buku, usitumie programu ya simu. Daftari linakaa pembeni ya cherehani na unaandika mteja akiwa bado mlangoni. Simu utaishika uandike, utakuta ujumbe, na kazi imesimama.

Andika unadaiwa na nani, kimebaki kiasi gani, rejesho ni kiasi gani na siku gani. Usisahau mchezo, ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu. Kama umeshapokea zamu yako, michango iliyobaki ni deni, iandike. Kama zamu yako haijafika, hiyo ni akiba yako.

Hatua ya 2: Advansi nayo ni deni

Hapa ndipo mimi na wifi tulipokesha, na ndipo watu wengi wanapokwama bila kujua, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mteja analeta kitenge cha gauni, mnakubaliana Sh 35,000 ya ufundi na vifaa, anaacha Sh 20,000. Ile elfu ishirini si kipato. Bitana (kitambaa cha ndani ya nguo), zipu na uzi vitakula kama 9,000. Inayobaki, 11,000, ni malipo ya kazi ambayo hujaifanya. Ukiipeleka kwenye rejesho la Jumatatu, hujapunguza deni. Umelihamisha kutoka kwa mkopeshaji kwenda kwa mteja. Ikifika Alhamisi huna hela ya bitana, unamtafuta mteja mwingine wa advansi au unakopa kwenye simu. Wifi aliishi hivyo muda mrefu akiamini tatizo lake ni wateja wachache, wakati wateja walikuwa wamejaa.

Kwa hiyo, kanuni ni hii: deni linalipwa kwa pesa ya nguo iliyotoka mlangoni tu. Gauni likichukuliwa, toa vifaa 9,000, toa 2,000 ya ovaloki (kufunga kingo za kitambaa) na umeme, zinabaki 24,000. Hizo ndizo zako. Mimi nagawa mafungu matatu: mawili ya nyumba, moja la deni, yaani 8,000 kwa gauni hilo. Kama kodi ya nyumba imekaribia, fungu la deni lipungue, lakini lisikose kabisa, hata ikiwa 3,000.

Vifaa nunua siku hiyohiyo advansi inapoingia. Hela ya bitana ikilala ndani ya nyumba, mtoto ataumwa au mgeni atakuja. Bitana haiwezi kuliwa.

Kama tayari umeshakula advansi za watu na mfuko wa salfeti umejaa vitambaa, usianze kushona ovyo. Mwaga vyote kitandani. Kila kitambaa kiandikie mistari minne: cha nani, ameshatoa kiasi gani, amebakiza kiasi gani, kinahitaji vifaa gani. Kisha panga kwa kuangalia baki na muda wa kazi. Kwa wifi kulikuwa na suti ya kike ya 60,000 iliyolipiwa 50,000, kazi ya siku mbili kwa baki ya elfu kumi. Chini yake kulikuwa na sketi mbili ambazo hazikulipiwa hata senti, 24,000, kazi ya jioni moja. Yeye alikuwa anahangaika na suti kwa sababu mwenye suti ndiye aliyekuwa anapiga simu. Tukashona sketi kwanza, na hela ya sketi ndiyo iliyonunua bitana ya suti.

Mambo ya kuangalia katika mpangilio huo:

- Nguo yenye shughuli inatangulia zote. Harusi, Idi, mahafali havisubiri hesabu zako.
- Nguo iliyolipiwa yote haikuletei hela ukiimaliza, na ndiyo utakayoikwepa hadi mteja aje na ndugu zake. Ipachike kati: kila ukishona mbili zenye baki, shona moja iliyolipiwa.
- Ukiwa na madeni, usipokee malipo yote mwanzoni, hata mteja akikulazimisha. Mwambie, "Dada, niachie nusu tu, nyingine utanipa ukishaijaribu." Nusu iliyobaki ndiyo itakayokuamsha alfajiri.
- Sare za kamati ya harusi au kitchen party ni hatari kuliko zote, kwa sababu advansi inakuja kwa mkupuo na unaiona kama mtaji. Nunua vifaa vyote, na hela itakayobaki mpe mtu asiyeogopa kukunyima.
- Wapigie wateja wote wenye nguo zilizochelewa uwape tarehe ya kweli. Mteja akiambiwa "Alhamisi ya wiki ijayo" akaikuta tayari, anarudi. Anayeambiwa "kesho jioni" kila siku ndiye anayekutangaza mtaani.

Kazi ya kusafisha mfuko ule ni ngumu, maana unashona sana na hela unaiona kidogo. Kipindi hicho usiongeze rejesho la deni lolote. Lipa kiwango cha chini tu hadi mfuko uishe.

Hatua ya 3: Tenganisha laini

Hela za wateja ziingie kwenye laini ambayo haina deni. Ukiwa umekopa Songesha ya M-Pesa au huduma ya namna hiyo, hela yoyote inayoingia inakatwa kwanza. Mteja anatuma 20,000 ya bitana na unaikuta imeshapungua. Sajili laini nyingine kwa kitambulisho chako cha NIDA, au bora zaidi uchukue Lipa Namba, wateja walipie huko.

Hatua ya 4: Lipi lianze

Wapo wanaosema anza na deni dogo, wapo wanaosema anza na lenye riba kubwa. Kwa fundi wa nyumbani mimi nasema anza na lile linalodai kila siku au kila wiki, maana ndilo linalokusukuma ule advansi. Mara nyingi ndilo lenye riba kubwa pia.

Piga hesabu mwenyewe. Mkopo wa Sh 500,000, wanasema riba asilimia 20, unarejesha 50,000 kwa wiki 12. Fomu na bima wanakata 25,000 juu kwa juu. Umeshika 475,000, utarudisha 600,000, gharama 125,000. Lakini hukukaa na ile laki nne na sabini na tano kwa miezi mitatu, kwa sababu kila wiki ulikuwa unairudisha. Kwa wastani ulikuwa na kama laki mbili na nusu. Gharama ya laki moja na ishirini na tano kwa pesa hiyo ni zaidi ya asilimia 15 kwa mwezi. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana. Ndiyo maana watu wameiita mikopo hii kausha damu.

Angalia pia kama anayekudai ana leseni. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Novemba 2024 benki hiyo ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila kibali. Kama deni lako liko huko, tunza kila ujumbe wa vitisho na kila muamala wa malipo.

Hatua ya 5: Nenda ukaongee kabla ya siku ya rejesho

Nenda na daftari. Afisa mikopo akiona orodha ya nguo zenye baki na tarehe za kutoka, mazungumzo yanabadilika. Omba marejesho ya kila wiki mbili badala ya kila wiki, na omba makubaliano mapya yaandikwe.

Kisha muulize swali moja: "Kaka, nikimaliza deni lote leo, nalipa kiasi gani?" Jibu likiwa sawa na jumla ya marejesho yaliyobaki, hakuna faida ya kukopa kikoba ili umalize mapema, riba umeshabebeshwa yote. Wakikupunguzia riba ya miezi iliyobaki, hapo ndipo mkopo wa kikoba, ambao kwa vikundi vingi ni hadi mara tatu ya hisa zako, unaweza kukuokoa. Nje ya hapo, usikope huku ulipe kule.

Na ukikubali kiwango kipya cha rejesho, kipime kwa mwezi mbaya. Januari ya sare za shule na wiki za kuelekea Idi usizihesabu. Hela za msimu zikija, lipa kwa mkupuo na udai stakabadhi.

Hatua ya 6: Linda saa za cherehani na uniti za umeme

Ukifanya kazi nyumbani, mtaa unakuona upo tu. Mimi kuanzia saa tatu hadi saa nane mlango ninaurudishia, na majirani wameshazoea.

Umeme unaokula faida ni wa pasi, cherehani inakula kidogo sana. Piga pasi kwa mkupuo mara moja kwa siku. Nyumba zilizo kwenye bei nafuu ya TANESCO ni zile zinazotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Ukizidisha, bei inapanda sana. Andika uniti kila ukinunua LUKU, na weka gharama hiyo kwenye bei ya nguo.

Hatua ya 7: Ukimaliza

Dai barua ya kumaliza deni, yenye mhuri. Chukua dhamana zako zote, pamoja na karatasi yoyote uliyosaini ikiwa tupu, uichane mwenyewe. Kama walishika kadi yako ya benki, nenda ukabadilishe namba ya siri siku hiyohiyo, hata kama kadi wamekurudishia.