Majani ya mpunga, urea na mizani ya korosho

Huku Kitere, Mtwara, mwezi wa tisa ukiingia, majani mabichi yamekwisha. Ng'ombe wangu watano wanajaza tumbo kwa majani makavu ya mpunga, na mbavu bado unazihesabu. Wanashiba bure: vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya nyuzinyuzi vinahitaji naitrojeni, na kwenye majani yale haimo ya kutosha. Mimi huyalaza na mbolea ya urea: nayalowesha kwa maji yake na kuyafungia shimoni.

Kwanza mizani. Naazima ile ya kupimia korosho, kwa sababu kukadiria kwa macho hapa ni kuua ng'ombe. Majani makavu kilo 100, urea kilo 4, maji ndoo tatu za lita 20. Urea ni ile mbolea nyeupe yenye naitrojeni asilimia 46. Mbolea nyingine, CAN na NPK, achia mahindi yako. Na turubai lililobeba salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, usililete karibu na majani haya kabisa.

Koroga urea na maji hayo kwenye pipa mpaka punje zote ziyeyuke; pitisha mti chini uhakikishe. Tandaza nailoni shimoni, weka majani kilo 20, nyunyizia lita 12, kanyaga. Kisha tabaka jingine, hivyo hivyo. (Kukanyaga wanangu wanagombania.) Nyunyiza sawasawa, maji yasituame upande mmoja. Ukimaliza funika kwa nailoni, ziba kingo kwa udongo, acha siku 21. Humo ndani urea inageuka amonia, gesi yenye harufu kali, inalainisha majani na kuyaachia naitrojeni.

Siku ya kufungua simama upande unakotoka upepo, harufu yake inatoa machozi. Yenye ukungu tupa. Ya kesho yatoe leo jioni yapigwe upepo usiku kucha. Anza na kidogo, changanya na ya kawaida, ongeza polepole wiki nzima. Ndama wa chini ya miezi sita asiguse, wala punda.

Mwaka juzi nilisuuza ndoo ya urea nikaiacha uani na maji yake. Mtamba akayanywa. Haukupita muda anatetemeka, povu mdomoni, tumbo limevimba. Tulimnywesha siki na maji baridi mengi huku tukimngoja mtaalamu wa mifugo. Alipona. Tangu hapo chupa za siki zinakaa bandani, na mama watoto akizitaka kwa kachumbari namwambia akanunue zake.